Erli wa Warwick Alikuwa Mwanamke

Muulize mwanafunzi yeyote aliyesoma historia ya Uingereza ya karne ya 15 ni nani aliyekuwa Erli wa Warwick, naye atakujibu pasi na kusita: Richard Neville, yule aliyepewa lakabu ya Mtawaza Wafalme, aliyemsaidia Edward wa Nne kukikalia kiti cha enzi mwaka 1461 na kumrudisha Henry wa Sita mwaka 1470. Jibu hilo litampatia alama zote. Mimi nashikilia kwamba ni jibu pungufu kiasi cha kuwa potofu, na kwamba upungufu wake haukutokea kwa bahati mbaya. Cheo cha Warwick, pamoja na ardhi iliyokipa uzito, kilikuwa mirathi ya mwanamke aitwaye Anne Beauchamp. Neville alikipata kwa kumwoa. Neville alipokufa, Bunge la Uingereza lilimtangaza mjane huyo kuwa maiti ilhali alikuwa hai, ili mali yake igawanywe kati ya ndugu wawili wa mfalme.

Narudia kwa wale watakaodhani nimeteleza kalamu: Bunge, kwa sheria iliyoandikwa na kupitishwa kwa utaratibu wote.

Tuanze na kitu chenyewe. Erli ni cheo cha kikabaila cha Uingereza, kilicho chini ya duki. Kile cha Warwick kilianzishwa mwaka 1088, Mfalme William wa Pili alipomtunuku Henry de Beaumont, mtu wa ukoo wa makabaila wa Normandy walionufaika na uvamizi wa mwaka 1066. Vitabu vya watalii huonyesha vyeo hivi kama mataji na ngao zilizochorwa dubu. Katika uhalisia wake, cheo kilikuwa ngome, mashamba, misitu, vinu vya kusagia nafaka, mahakama zenye faini zake, ushuru wa masoko, na umati wa wakulima waliofungwa kwenye ardhi hiyo kwa kazi za lazima. Aliyeshika cheo alishika riziki ya maelfu ya watu. Hatutauelewa ukatili uliofuata tukiendelea kudhani kwamba watu hawa waligombania heshima.

Jambo la pili ambalo vitabu hulipita haraka ni kwamba cheo hiki kilikwisha kupita mikononi mwa wanawake muda mrefu kabla ya Anne. Erli Thomas alipofariki mwaka 1242 bila mtoto, mrithi alikuwa dada yake, Margaret. Mume wa pili wa Margaret, John du Plessis, aliitwa Erli wa Warwick kwa sababu moja tu, kwamba alikuwa mumewe. Mwaka 1268 cheo kiliingia katika ukoo wa Beauchamp kupitia mama, wala si baba. Akina Beauchamp nao wana masimulizi yao, likiwemo lile la Guy, aliyemteka Piers Gaveston, kipenzi cha Mfalme Edward wa Pili, kabla Gaveston hajauawa mwaka 1312. Lakini hayo nayaacha. Ninachotaka kishikwe ni hiki: sheria ya mirathi ya wakati huo ilimtambua mwanamke kuwa mrithi pale ambapo hapakuwa na mwanamume aliye karibu zaidi. Anne hakuwa akidai haki ambayo zama zake hazikuijua.

Baba yake, Erli Richard Beauchamp, alifariki Rouen mwaka 1439 akiisimamia Normandy kwa niaba ya mfalme wa Uingereza. Kijana wake wa kiume, Henry, alipandishwa hadi kuwa Duki wa Warwick mwaka 1445, akafa mwaka uliofuata akiwa na miaka 21. Henry aliacha binti mmoja, mtoto mdogo, ambaye naye alifariki mwanzoni mwa mwaka 1449 kabla ya kutimiza miaka sita. Hapo mirathi ikamwangukia shangazi wa mtoto huyo, Anne, kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa dada wa Henry kwa baba na mama. Dada zake watatu wakubwa, waliozaliwa na mke wa kwanza wa Erli Richard, walipinga vikali, lakini kanuni ya Kiingereza iliwaweka kando walio ndugu kwa mzazi mmoja tu. Kwa upande wa mama yake, Isabel Despenser, Anne alikuwa pia na haki katika ardhi nyingine kubwa, zikiwemo zile za Glamorgan huko Wales.

Mume wake, Richard Neville, wakati huo alikuwa kijana wa miaka 20. Walikuwa wameozwa wangali watoto, katika mapatano ya koo mbili yaliyofungwa kwa ndoa mbili: Anne kwa Richard, na kaka yake Anne kwa Cecily, dada yake Richard. Usiku mmoja kijana huyu aliyekuwa akingojea mirathi ya baba yake akawa mmoja wa makabaila matajiri kuliko wote nchini. Na baba yake je? Alikuwa Erli wa Salisbury, cheo alichokipata kwa kumwoa Alice Montagu, mrithi wa Salisbury. Baba na mwana, wote wawili, waliingia katika historia kwa majina ya wake zao. Kiingereza hutumia neno moja kwa mke wa erli na kwa mwanamke mwenye cheo hicho kwa haki yake mwenyewe, na neno hilo moja limefunika mengi.

Shughuli za Neville katika vita tunavyoviita Vita vya Waridi zinajulikana mno kiasi kwamba sioni haja ya kuzirefusha. Alimpigania Edward wa Nne, akakosana naye, akamwoza binti yake mkubwa Isabel kwa George, Duki wa Clarence, mdogo wa mfalme, huko Calais mwaka 1469. Akakimbilia Ufaransa, akapatana na malkia wa upande aliokuwa akiupiga vita, na kumtoa binti yake wa pili, Anne Neville, aposwe na mtoto wa malkia huyo. Majeshi, meli na karamu zilizompatia jina la Mtawaza Wafalme zililipwa kwa sehemu kubwa na mapato ya ardhi ya mkewe. Tarehe 14 Aprili 1471, siku ya Pasaka, aliuawa katika vita vya Barnet, kaskazini ya London.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, historia halisi ya cheo hiki inapoanza, na ndipo vitabu vingi vinapofunga ukurasa.

Anne Beauchamp alikuwa ndiyo kwanza anatia mguu katika pwani ya kusini akitokea Ufaransa. Aliposikia kwamba mumewe amekufa, aliingia katika monasteri ya Beaulieu, Hampshire, na kuomba hifadhi ya kanisa. Mfalme Edward akaamuru awekewe walinzi asitoke. Akiwa humo, mwanamke huyu wa miaka 44 alifanya jambo ambalo sijui ni wangapi kati yetu tungelifanya. Alikaa chini akaandika. Alimwandikia mfalme, malkia, mama wa mfalme, binti mkubwa wa mfalme, ndugu na dada za mfalme, hata mama wa malkia. Kisha akapeleka ombi kwa wabunge, akieleza kwamba barua zake kwa mfalme aliziandika kwa mkono wake mwenyewe kwa kukosa makarani. Hakuomba huruma peke yake. Alidai mirathi aliyozaliwa nayo na haki zake za ujane, akitofautisha kilicho chake na kilichokuwa cha mumewe.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha shauri zima, nami naomba msomaji anivumilie kidogo, hasa wewe mwanafunzi wa sheria. Neville alikufa akiwa mwasi. Kwa desturi ya wakati huo, Bunge lingeweza kumtangaza mhaini na mali yake ikaingia kwa mfalme. Lakini adhabu hiyo ingegusa mali ya Neville tu. Mirathi ya mkewe haikuwa ya Neville, na hivyo isingetaifishwa kwa kosa lake. Waliokuwa wakiimezea mate ardhi hiyo walikuwa wawili: Clarence, aliyekwisha kumwoa Isabel, na mdogo wake Richard, Duki wa Gloucester, ambaye baadaye angekuwa Mfalme Richard wa Tatu, aliyemwoa Anne Neville baada ya mume wake wa kwanza kuuawa vitani Tewkesbury, wiki tatu tu baada ya Barnet. Ndugu hawa waligombana hadharani mbele ya mfalme. Hawakutaka kupewa ardhi kama zawadi, kwa maana zawadi ya mfalme hunyang'anywa kesho na mfalme mwingine, au na huyohuyo akiamka na hasira. Walitaka kuishika kama mirathi halali ya wake zao. Nao wake zao wasingeweza kumrithi mama aliye hai.

Basi mama ikabidi afe. Kwanza, mwaka 1473, alitolewa Beaulieu na kupelekwa kaskazini chini ya ulinzi wa mkwewe Gloucester. Halafu mwaka 1474 Bunge likapitisha sheria kwamba ardhi zake zigawanywe kati ya maduki hao wawili na wake zao kana kwamba yeye amekwisha kufa kwa kifo cha kawaida. Sheria hiyo ikamfungia pia njia ya kudai haki yake katika mali ya marehemu mumewe. Na kama kuna anayedhani kwamba angalau mabinti walinufaika, asome kifungu kinachosema kwamba hata ndoa ya Gloucester na Anne Neville ikibatilishwa, duki huyo ataendelea kuishika ardhi hiyo maisha yake yote, mradi ajitahidi kumrudia mkewe na asioe mwingine. Mabinti walikuwa mfereji wa kupitishia maji.

Nawaelekeza hapa ndugu zangu mlioko katika utumishi wa umma. Hapakuwa na panga lililochomolewa siku hiyo. Walikuwako makarani walioichonga ile sentensi ya kumfisha mtu aliye hai, wakaipima, wakaona inakaa vizuri. Walikuwako wanasheria waliogundua kwamba njia ya uhaini haifai na kifo cha kubuni kinafaa zaidi. Walikuwako wabunge ambao, kabla ya hapo, ombi la mwanamke huyu lilikuwa limeelekezwa kwao. Kila mmoja alifanya kazi yake sawasawa. Nina hakika wengi wao walirudi nyumbani wakala chakula cha jioni kwa utulivu.

Kila nikizungumza jambo hili darasani, huinuka mkono mmoja: tusihukumu zama za kale kwa vipimo vya leo; sheria ni sheria. Pingamizi hili hunichosha, maana linajivika unyenyekevu wa kitaaluma huku likifanya kazi ya wakili wa mwenye nguvu. Waliovihukumu vitendo vya 1474 ni watu wa zama hizohizo. Mwenyewe Anne alivihukumu. Na mwaka 1487 Bunge la Uingereza, chini ya Henry wa Saba aliyempindua na kumuua Richard wa Tatu, liliifuta sheria ile kwa kueleza kwamba ilikuwa kinyume cha akili, dhamiri na maumbile, na kinyume cha sheria ya Mungu na ya wanadamu. Hakuna kipimo cha leo hapo. Tanganyika ilipoletewa sheria ya kawaida ya Kiingereza mwaka 1920, tulifundishwa kuutazama utaratibu wa nchi ile kama kilele cha busara iliyokomaa taratibu, karne kwa karne. Mtaala uliotufundisha hayo haukumtaja mjane wa Beaulieu.

Kabla sijaeleza alivyorudishiwa mali yake, nitaje kilichowapata wadogo chini ya mabwana wapya. Isabel, mke wa Clarence, alifariki Desemba 1476, muda mfupi baada ya kujifungua. Aprili iliyofuata watu wa Clarence walimvamia nyumbani kwake Somerset mjane aliyewahi kumtumikia Isabel, Ankarette Twynho, wakamsafirisha hadi mji wa Warwick, ambako neno la duki lilikuwa ndilo neno. Alishtakiwa kwamba alimpa bibi yake sumu. Katika siku moja alisomewa shitaka, akahukumiwa na jopo la wazee wa baraza, akanyongwa. Mwaka 1478, baada ya Clarence mwenyewe kuuawa kwa uhaini, mjukuu wa Ankarette aliwasilisha ombi na hukumu ikafutwa. Ombi hilo linaeleza kwamba wazee wa baraza walitoa uamuzi kwa hofu. Hiki ndicho kilichokuwa ndani ya kifurushi cha "erli": uwezo wa kuhamisha mwili wa mjane kutoka kaunti moja hadi nyingine na kuuning'iniza kabla jua halijazama.

Turudi mwaka 1487. Novemba Anne alirudishiwa mirathi yake yote kwa sheria, maneno mazito ya haki yakiandamana nayo. Desemba, wiki chache baadaye, akatia saini hati ya kuikabidhi mirathi hiyohiyo kwa Henry wa Saba na warithi wake wa kiume. Alifufuliwa kisheria ili mkono wake uweze kuandika. Maiti haitoi mali. Kwa hiyo mfalme alihitaji awe hai kwa muda wa kutosha kuihamisha. Mwaka 1489 alipewa manori ya Sutton, kaunti ya Warwick, aitumie kwa maisha yake. Alifariki mwaka 1492.

Ukatili wa 1474 ulikuwa wa wazi. Huu wa 1487 naona ni mbaya zaidi, kwa sababu ulifanywa kwa jina la kusahihisha ule wa kwanza. Wanaharakati wanaoshangilia pale dola inapokiri dhuluma ya kale wangefanya vyema kungoja mwezi mmoja kabla ya kupiga vigelegele.

Alikuwako mrithi mwingine. Edward, mtoto wa Isabel na Clarence, aliyezaliwa mwaka 1475, ndiye aliyekuwa akiitwa Erli wa Warwick. Damu ya baba yake ilimweka karibu na kiti cha enzi, nayo hiyo ndiyo ilikuwa hatia yake. Henry wa Saba alipotwaa ufalme mwaka 1485 alimfungia mtoto huyu wa miaka 10 katika Mnara wa London. Mwaka 1487 wapinzani wa mfalme walimtawaza Dublin kijana mwingine, Lambert Simnel, wakidai kwamba ndiye Edward. Yule wa kweli alikaa kifungoni hadi Novemba 1499, akakatwa kichwa kwa tuhuma za kula njama, akiwa na miaka 24, zaidi ya nusu ya umri wake ukiwa umeishia gerezani. Dada yake, Margaret, alikatwa kichwa mwaka 1541 kwa amri ya Henry wa Nane, bila kesi, akiwa na miaka 67.

Cheo chenyewe kilitolewa upya mwaka 1547 kwa John Dudley, kizazi cha mmoja wa wale dada watatu waliowekwa kando mwaka 1449. Hata hapo njia ilipitia kwa mwanamke. Mwaka 1618 ukoo wa Rich ulikipata kwa kulipa fedha, na mwaka uliofuata kikamwangukia Robert Rich, mwenye hisa katika meli ya Treasurer. Meli hiyo ilikuwa mojawapo ya mbili zilizowapora Wareno mateka kutoka Angola mwaka 1619. Kutoka katika meli hizo walishushwa Virginia Waafrika ambao Wamarekani huwahesabu kama wa kwanza kufikishwa katika koloni hilo la Kiingereza. Wapo wanaoniambia kwamba historia ya vyeo vya makabaila haituhusu.

Sitaki nieleweke kwamba namtawaza Anne kuwa mtakatifu. Naye alirithi kwa kuwanyima dada zake, na alikula jasho la wakulima wa Warwickshire na Glamorgan ambao hakuna aliyewauliza kama wangependa kumilikiwa na Beauchamp, Neville au Tudor. Anayesema kwamba mali yote ile ilikuwa wizi tangu 1088 hatapata upinzani kutoka kwangu. Lakini hoja hiyo haimtetei Gloucester wala Clarence, na wanaoitumia kumnyamazisha mjane mara nyingi huendelea kumsifu mumewe kwa ujasiri wake, wakila kwa mkono mmoja na kukemea kwa mwingine.

Nao wasomi wasijitoe. John Rous, padri aliyeishi jirani na Warwick, alichora na kuandika historia ya maerli wa mji huo katika hati ndefu ya kukunja. Nakala ya Kiingereza aliiandika Richard wa Tatu akiwa mfalme, na imejaa sifa za mfalme huyo. Baada ya Richard kushindwa mwaka 1485, Rous aliibadilisha nakala ya Kilatini iliyokuwa bado mikononi mwake, na katika kitabu kingine akamgeuza Richard kuwa dubwana. Tunamcheka leo. Kisha tunaingia darasani na kuandika ubaoni "Warwick, Mtawaza Wafalme", tukiwa hatujatishwa na mfalme yeyote.

Ombi ambalo Anne alilipeleka kwa wabunge kutoka Beaulieu lipo hadi leo katika Maktaba ya Uingereza, London, na matini yake ilikwisha kuchapishwa. Ni fupi. Muhula ujao wanafunzi wangu wa mwaka wa pili watalisoma katika wiki ya kwanza. Neville atangoja hadi ya tatu.